Ukianguka, Unaanzia Getini

Jumanne saa tatu na dakika kumi asubuhi, Mwongeli aliandika jina lake katika daftari la getini kwa mara ya nne. Jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, unakwenda kwa nani, saa ya kuingia. Mlinzi, Mzee Ndambuki, alimpitishia kifaa cha kukagua chuma mgongoni. Kikalia kwa sababu ya sidiria, kama kilivyolia mara tatu za kwanza.

"Mzee, si umeniandika saa hii?"

"Hiyo ilikuwa ya saa tatu na dakika mbili, Mama Nzisa. Ulitoka?"

"Sikutoka. Nimeanguka."

"Basi umeingia tena."

Mwongeli alifanya kazi orofa ya nne, katika kampuni ndogo ya kuunda michezo ya simu hapo Muthangari, Nairobi. Kazi yake ilikuwa kucheza mpaka apate kasoro. Mchezo mpya ulihusu mbuzi aliyetoroka kichinjioni Dagoretti akitaka kufika milima ya Ngong. Vitufe vilikuwa viwili tu, cha kuruka na cha kuinama. Kulikuwa na hatua kumi na mbili na roho tatu. Hukuweza kuhifadhi ulipofika wala kuusimamisha mchezo uende msalani. Roho zikiisha, unaanza upya.

Lenox, kijana aliyeuandika, alikusudia uanze upya ndani ya mchezo. Lakini tangu Jumatatu, kila aliyemaliza roho zake alijikuta amesimama getini, simu mkononi. Hakuna aliyeumia. Mhasibu alilalamika tu kwamba lifti ni ya polepole.

Mwenye kampuni, Quincy, hakuupenda mchezo huo. Aliwaita mkutanoni akaeleza kwamba siku hizi watu wanataka mishale ya kuwaonyesha njia, zawadi kila asubuhi, na duka la kununulia roho. Lenox akasema michezo ya zamani ilikuwa rahisi kueleweka na migumu kushinda, na watu waliipenda. Quincy akajibu kwamba waliipenda kwa sababu hakukuwa na mingine.

"Mtu ametoka kazini, amekaa kwenye jam saa mbili, halafu ashindwe na mbuzi?" aliuliza. "Hiyo ni kukosea mtu heshima."

Halikuwa jibu la kijinga, na Mwongeli alilipima kwa haki. Lakini nyumbani alikuwa na bintiye Nzisa, mwenye umri wa miaka tisa na nyota elfu sita kwenye simu, zote za kupewa. Wiki iliyopita nyanya yake alimfunga katika drafti, naye akalia mpaka akatapika ugali.

"Mtoto anayeuziwa kila roho hajui kuanguka," Mwongeli alisema. "Nyinyi mnaunda, mimi ndiye ninayepangusa sakafu."

Quincy alikuwa mtu wa kuelewana naye. Alisema kwamba ikiwa mtu yeyote ndani ya ua huo atamaliza mchezo kabla ya saa kumi alasiri ya Ijumaa, utatoka ulivyo. Akikosekana, duka litawekwa. Kisha akachukua simu ajaribu. Aligongwa na mkokoteni katika hatua ya pili mara tatu mfululizo, akajikuta getini akiwa na soksi, kwa kuwa ofisini huvua viatu. Mzee Ndambuki alimpigia saluti, akafungua geti kubwa la magari na hakumwuliza kitu. Quincy alirudi juu akasema kwamba kuanguka si kubaya kiasi hicho.

Kufikia Alhamisi, Mwongeli alikuwa ameanguka mara hamsini na tatu. Hakuwahi kupita hatua ya tisa, penye daraja la mbao zinazoporomoka. Kuandikwa kulichukua dakika mbili, kukaguliwa moja, lifti nne, na ikikwama, ngazi sita. Nusu ya siku ilikuwa ikiishia njiani. Mzee Ndambuki alikwisha kujua mtu alikofia kwa kumtazama tu. Aliyeuawa na mbwa alifika ameshika suruali, na aliyetoka darajani alifika ameinama.

Saa saba, alipoinama tena kuandika, alimpa mzee simu amshikie. Mzee akabonyeza. Mbuzi wake akaingia chini ya mkokoteni mara tatu, roho zikaisha, naye akabaki palepale alipokuwa, kwa sababu getini ndipo alipokuwa tangu mwaka wa 2013. Akaanza tena. Mbuzi akafa tena, na mzee hakusogea hata unyayo.

Mwongeli aliweka kalamu chini.

"Mzee, wewe hupotezi wakati wa lifti."

"Sijawahi kuipanda. Sisi wa getini hatuna ruhusa."

"Ndiyo hiyo ninayosema. Kaa na simu."

Jioni hiyo mzee alikufa mara themanini bila kuhama. Alicheza kati ya gari moja na jingine, akianza upya kila honi ilipolia. Ijumaa saa sita alilivuka daraja, akaeleza kwamba siri yake ni kuhesabu. Hatua ya kumi aliijua saa nane. Saa kumi kasorobo alikuwa katika hatua ya kumi na mbili, roho moja mkononi, Lenox na mhasibu wakichungulia begani pake, na gari la Quincy, aliyetoka kula mtaani Karen, likapiga honi nje.

Mzee Ndambuki alitaka kwenda. Mguu wake ulienda wenyewe.

"Simama hapo," Mwongeli alisema. Akachukua daftari, akatoka nje kwa geti dogo la waendao kwa miguu na kulipitishia kwenye dirisha la gari. "Andika."

"Mwongeli, ni mimi."

"Nimekuona. Andika."

Quincy alishika kalamu. Jina aliliandika vizuri. Kwa nambari ya kitambulisho ilimbidi akichomoe mfukoni. Alipofika penye unakwenda kwa nani, alifikiri sana, akaandika: mimi mwenyewe. Alikuwa bado anatafuta saa alipomsikia Lenox akipiga mluzi. Mbuzi alikuwa amefika, na getini hapakuwa na mzee tena. Alikuwa juu ya paa, kando ya tangi la maji, amevaa sare yake, akitazama milima ya Ngong na vinu vya umeme wa upepo vikizunguka. Mhasibu alipiga makofi, kisha jengo zima likapiga, na mama muuza mahindi aliyekuwa ng'ambo ya barabara akapiga kigelegele.

Mzee alikaa huko dakika kumi na mbili. Alishuka kwa ngazi.

Quincy alitimiza ahadi, na mchezo ukatoka bila duka. Mwongeli aliomba mzee aajiriwe orofa ya nne, na Quincy akasema kwa upole kwamba kazi hiyo inahitaji diploma.

"Yangu ni ya upishi," Mwongeli alisema.

Quincy alisema diploma ni diploma. Kampuni ya ulinzi nayo ilimwandikia mzee barua ya onyo kwa kuacha lindo dakika kumi na mbili, ikamtumia daftari la pili, kwa sababu la kwanza lilikuwa limejaa.

Lilihitajika. Nairobi yote sasa iliangukia pale. Walifika wachinjaji wa Dagoretti wakiwa na gambuti, mama wa Karen akiwa na taulo kichwani, na mchungaji mmoja wa kanisa aliyesema alikuwa akimshikia mtoto simu. Walicheka, wakaandika wakiwekeana daftari mgongoni, wakanunua mahindi. Mzee Ndambuki aliwakagua mmoja mmoja huku akiwaonyesha jinsi ya kuhesabu mbao.

Nzisa alifika mara mia moja na arobaini. Siku ya kwanza alilia. Ya pili alinuna. Baadaye alikuwa akifika tayari amenyoosha mkono apewe kalamu. Jumamosi moja Mwongeli alikuwa akimngojea getini, na hakuja. Akasikia anaitwa kutoka juu.

"Mama! Naona mpaka Ngong!"

Mwongeli alicheka mpaka akashika ukuta. Nzisa alishuka kwa lifti, kwa kuwa wageni huruhusiwa, akamkimbilia mzee kumweleza kwamba vinu vinaonekana vidogo kama njiti za kiberiti, na kwamba kimoja hakizunguki.

Mzee Ndambuki alisema ni kweli, hata siku yake hakikuwa kikizunguka. Kisha akaenda kufungua geti kubwa, maana gari lilikuwa limepiga honi.