Meza ya Kukatia na Nusu Lori

Mama alikubali kuhama akiwa amepiga magoti sakafuni, anaokota pini kwa sumaku, na alikubali kwa sharti moja.

"Meza yangu iende. Ikibaki, na mimi nabaki. Utakuwa unanipigia simu."

Nilikuwa nimembembeleza kwa wiki tano. Barua ya uhamisho ilinitaka niripoti kwenye maabara ya maji ya mji ule mwingine, kilomita mia tano na ushee, kabla ya mwezi kwisha. Dada yangu aliolewa mbali zaidi ya huko. Na mwaka uliopita Mama aliteleza kwenye ngazi ya uani, akalala pale chini tangu saa tatu hadi mteja mmoja alipofika alasiri kuchukua sketi yake. Mteja ndiye aliyemwinua. Sikuweza kumwacha peke yake, na yeye alijua kwamba siwezi, ndiyo maana alithubutu kuweka sharti.

"Itakwenda," nilisema. "Nakuahidi."

"Usiniahidi. Piga hesabu kwanza. Mali bila daftari huisha bila habari."

Meza yenyewe si kitu cha kuahidi kirahisi. Marehemu baba alikuwa seremala, na aliiunda ndani ya chumba kilekile inaposimama, mvua za mwaka mmoja zilipomfungia kazi za nje wiki mbili nzima. Hakutia msumari hata mmoja. Alisema msumari una tabia ya kuchungulia, na ukichungulia utakwaruza kitambaa cha mtu. Basi akaunganisha mbao kwa gundi na vijiti, akairanda mpaka ukipitisha hariri juu yake inateleza yenyewe. Miguu aliiingiza ndani, kiganja kizima kutoka kila ncha, ili Mama akizunguka na mkasi asijikwae.

Chini ya meza hiyo ndiko tulikokulia. Mimi na dada tulitandikiwa mkeka pale, tukalala tukisikiliza mkasi ukitafuna kitambaa juu ya vichwa vyetu. Vipande vilidondoka ubavuni, nasi tulivigombania. Kwa rangi tu tulijua gauni la nani linakatwa: zambarau ni la mwalimu mkuu, maua madogo ni la yule mama wa duka la dawa aliyekuwa akiongezeka kiuno kila sikukuu na akidai nguo ndiyo iliyorudi. Ncha moja ya meza ilikuwa ya baba. Alikuja na kikombe chake jioni, akaegemea kiwiko, na kiwiko hicho kiliacha mbonyeo kama wa kijiko. Ncha ya pili ilikuwa na alama nyeusi ya pasi. Hiyo ni kazi yangu, nilikuwa na miaka tisa, na nilichapwa.

Basi nikanunua daftari. Nilikuwa na milioni moja na laki moja, posho ya uhamisho na akiba yangu zikiwa pamoja. Kodi ya nyumba mpya, miezi mitatu mbele, laki sita. Hiyo haikuwa na mjadala, mwenye nyumba alikwishasema pesa kwanza, ufunguo baadaye. Lori zima, laki sita na nusu. Nilijumlisha mara tatu nikitumaini hesabu itanionea huruma. Haikunionea.

Aliyeniokoa ni dereva mmoja aliyeitwa Profesa, kwa sababu ya miwani iliyoning'inia kifuani kwake ambayo hakuna aliyewahi kumwona ameivaa.

"Dada, mimi narudi huko Jumamosi," alisema kwenye simu. "Nusu ya lori imeshachukuliwa na muuza majokofu. Nusu iliyobaki nakupa kwa laki tatu na nusu. Katikati nimesimamisha ubao."

"Nusu hiyo ina urefu gani?"

"Kutoka kwenye ubao hadi mlangoni, sentimita mia mbili thelathini na saba. Nimepima kwa tepu ya chuma. Na mlango wangu lazima ufungwe, sisafiri na mlango wazi. Ukizidisha, hicho kilichozidi utakibeba kichwani."

Mama hakuwepo, alikuwa amekwenda kuwaaga wateja wa mtaa wa pili. Tepu yake ilikuwa imelala juu ya cherehani. Niliitandaza mezani, nikaweka alama ya chaki ilipoishia, nikaendelea. Mia mbili thelathini na tano. Sentimita mbili za ziada. Nilifurahi kama mtu aliyeokota noti barabarani. Nikampigia Profesa, nikatuma nusu ya malipo, nikaandika kwenye daftari: lori, laki tatu na nusu, wabebaji, elfu sitini, maboksi na kamba, elfu ishirini, dharura na chakula, elfu sabini. Ikatosha mpaka senti ya mwisho. Mpango ulikuwa meza itangulie kuingia, ikisimama kwa miguu yake, na maboksi yajae chini na juu yake kama nyumba ya ghorofa.

Wiki ile Mama alifungasha taratibu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Nilipanga siku moja kwa chumba cha kushonea, zikaenda nne. Kila mfuko aliofungua ulikuwa na mtu ndani yake.

"Hii ni ya nani?" nilimwuliza, nikiinua karatasi ya kaki iliyokatwa umbo la bega.

"Huyo ni mwendesha baiskeli wa posta. Bega la kushoto liko chini. Miaka kumi na sita nimemshonea, hakuna aliyejua kwamba bega lake liko chini."

"Tunaitupa?"

"Mtupe na yeye basi."

Akaiweka kwenye boksi. Nilijaribu ukali. "Mama, huko tunakokwenda huyo bwana hayupo."

"Wapo wengine wenye mabega." Kisha akaninyang'anya daftari, akasoma kwa kulisogeza mbali na macho. "Dharura na chakula umeviweka pamoja kwa nini? Unatazamia kula dharura?"

Tulicheka, naye akakaa juu ya boksi akatazama kuta zilizoanza kuwa tupu. Palipokuwa na kioo cha wateja rangi ilikuwa bado mpya, kijani kibichi, kama siku tulipoipaka. Hata mimi nilikuwa naona wale wateja wakijigeuza mbele ya kioo kisichokuwepo, wakiuliza kama nyuma pamekaa sawa.

Jumamosi saa mbili Profesa alifika. Wabebaji wawili waliitoa meza kwa kuilaza ubavu, wakaipitisha mlangoni, wakaipandisha. Niliwasikia ndani ya lori wakiisukuma. Kikasikika kishindo meza ilipogonga ubao wa katikati.

"Sukumeni," Profesa alisema.

"Imefika mwisho, bosi."

Profesa aliusukuma mlango. Ukagonga ncha ya meza, ukabaki wazi vidole viwili. Akatoa tepu yake ya chuma, akapima lori mbele yangu: mia mbili thelathini na saba. Akapima meza: mia mbili arobaini kamili.

"Dada, ulipima na nini? Macho?"

Niliingia ndani nikachukua tepu ya Mama, nikaitandaza sambamba na ile ya chuma. Ilipoishia ile ya Mama, kwenye mia na hamsini, ya chuma ilisoma mia na hamsini na tatu.

Mama alikuwa nyuma yangu. Alitazama tepu mbili zile bila mshangao wowote.

"Umepima kwa hiyo?"

"Ndiyo tepu yako, Mama."

"Si ndiyo mliyokuwa mkivutania wewe na dada yako, huyu huku yule kule? Imerefuka toka hapo. Kila mia na hamsini naongeza tatu kichwani. Kiunoni naongeza moja na nusu."

"Miaka yote hiyo? Hukununua nyingine?"

"Nyingine ya nini? Hii naijua." Akaikunja taratibu. "Hukuniuliza."

Kweli sikumwuliza. Nimesomea vipimo chuoni, napima maji kwa matone, na sikuuliza.

Profesa alitazama saa. Angeondoka saa tano, majokofu yalikuwa yakisubiriwa. Nilimvuta pembeni.

"Ukiilaza mshazari?"

"Inaingia. Lakini kitanda, kabati na viti vyako vinabaki hapa barabarani."

"Na nikilipia lori zima?"

"Mwenye majokofu umpeleke wapi? Umwambie yamepoa?"

Wabebaji wakacheka. Nilifungua daftari, ingawa nilijua lina nini. Elfu sabini za dharura, na chakula ndani yake. Nikarudi kwa Mama, aliyekuwa amekaa kwenye kiti kimoja kati ya vile vilivyopangwa barabarani, mkoba mapajani, kama mtu aliyepanga foleni hospitali.

"Tutaacha kitanda na kabati," nilimwambia. "Viti pia. Meza inakwenda. Nilikwambia itakwenda."

"Tutalala wapi?"

"Chini yake. Tulishazoea."

Nilitaka acheke. Badala yake aliinuka, akaenda hadi mlangoni mwa lori, akaweka mkono kwenye ncha ya meza, ile yenye alama ya pasi. Nilijua anachoweza kusema. Angesema turudishe vyote ndani, na mimi nipande basi peke yangu na begi langu.

"Kamwite Msumari," alisema.

Msumari alikuwa fundi wa karakana ya jirani, mwanafunzi wa baba. Jina hilo alipewa na baba mwenyewe, kwa kuwa kila kiungo kilichomshinda alikipiga msumari kwa siri. Alikuja na msumeno, nywele zimejaa unga wa mbao. Mama alipomweleza, akauficha msumeno mgongoni.

"Mama, hapana. Mzee atafufuka anicharaze."

"Atakucharaza ukipiga msumari. Nimekwambia ukate tu."

"Basi nikate ncha moja, sentimita nne, tumalize. Hii iliyoungua."

"Hapana. Mbili huku, mbili kule."

"Ni kazi mara mbili, Mama," Profesa aliingilia. "Na mimi nina safari."

Mama alimgeukia. "Mwanangu, ukipunguza nguo upande mmoja tu, inamvuta mwenyewe. Anatembea siku nzima anajirekebisha, hajui ana nini. Unapunguza huku na huku, sawasawa, naye hahisi. Tulia, utafika."

Profesa alitulia.

Meza ilishushwa, ikasimama katikati ya barabara, juani kwa mara ya kwanza. Mama alitoa chaki mfukoni, akapiga mstari kila ncha kwa mkono mmoja, bila rula. Msumari akapima mistari kwa tepu ya chuma, akaikuta sawasawa, akatikisa kichwa kwa mshangao, akaanza kukata. Upande wangu ulikwenda wa kwanza, ukanipunguzia nusu ya alama ya pasi. Alipofika upande wa baba, Mama aliweka kiwiko chake kwenye ule mbonyeo na kuishikilia meza isitikisike. Mstari ulipita ukingoni mwa mbonyeo, ukaula kidogo. Uso wake sikuuona, alikuwa ameuinamisha. Niliona tu unga wa mbao ukijaa kwenye sketi yake nyeusi, naye hakuukung'uta.

Vipande viwili vyembamba vilianguka chini. Nikainama kuvichukua.

"Viache," alisema.

Wabebaji waliirudisha meza. Mlango ulifungwa, ukafunguliwa, vikaingia maboksi, kabati, kitanda, viti, ukafungwa tena. Msumari nilimpa elfu kumi za dharura. Alikataa, nikazisukumia mfukoni mwake, naye hakukataa mara ya pili. Kisha akatoa msasa.

"Mama, wafungue mlango kidogo nilainishe pale nilipokata. Mbao iko wazi, itashika kitambaa."

Mama alikuwa ameshapanda kwenye kiti cha mbele kando ya Profesa, anatafuta mahali pa kuweka miguu.

"Acha hivyo hivyo," alimwambia. "Pindo nitalikunja mwenyewe nikifika."