Tumbo Kwenye Kipaza Sauti

Walter alikuwa mwalimu wa baiolojia katika shule ya sekondari karibu na Bordesley Green, Birmingham, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa usagaji wa chakula. Angeweza kuchora utumbo mwembamba ubaoni, mikunjo yake yote, huku akiwagombeza wanafunzi wa nyuma. Kwa hiyo mkewe Brigid, muuguzi, alipomwambia kwamba ni maziwa yanayomsumbua, alicheka kwa dharau.

"Mama Lennox, mimi ni mtu wa Kimilili. Chai ya maziwa nimeinywa tangu niachishwe ziwa."

"Na hizo ngurumo za kila jioni je, Baba Lennox? Majirani watadhani tumenunua mashine."

"Hiyo ni stress ya kazi."

Ikiwa si stress, basi ni vitunguu. Ikiwa si vitunguu, basi ni baridi ya Birmingham. Lawama alimgawia kila mtu na kila kitu, isipokuwa kikombe chake.

Kanisa lao la Wakenya kule Aston likaandaa siku ya afya, na pasta akamwomba Walter aeleze jinsi mwili unavyotumia chakula. Walter alifurahi kupita kiasi. Alitoa suti ya harusi, akagundua kwamba kifungo cha koti hakifiki tena kwenye tundu lake, akaamua kwamba wasomi huvaa koti wazi. Njiani akapitia Sparkbrook kwa rafiki yake Mahamud, Msomali aliyekulia Garissa, mwenye mkahawa mdogo Stratford Road.

"Leo unahutubia umma, mwalimu," Mahamud alisema, akimimina chai nzito ya maziwa yenye iliki. "Kunywa, sauti itoke."

Walter akanywa. Akaongezwa, akanywa tena. Sauti ingetoka, hilo halikuwa na shaka.

Ukumbini wakambania kipaza sauti kidogo kwenye tai, na kwa kuwa tai yenyewe ilikuwa imelalia kitambi, kipaza nacho kikatua juu ya kitambi. Hakuna aliyeona ubaya wowote.

Alianza vizuri sana. Alieleza jinsi mate yanavyoanza kuusaga ugali ukiwa bado mdomoni, jinsi tumbo linavyoukanda kwa asidi, jinsi nyongo inavyotoka kwenye ini kuja kushughulikia mafuta. Akafika kwenye utumbo mwembamba, pale alipopapenda.

"Ndani yake kuna vinyweleo vingi kama vya taulo," alisema, akipunguza sauti ili watu wasogee. "Ni hapo ndipo chakula, kikishavunjwavunjwa, kinapovuka na kuingia kwenye damu. Ni kazi inayofanyika kwa ukimya kabisa."

Ikatoka ngurumo kwenye spika zote mbili, ndefu, kama mtu anayeburuta kabati ghorofani.

Watu wakatazama dari. Ngurumo ya pili ikawaonyesha kwamba si dari.

"Samahani," Walter alisema. "Ni spika."

Spika ikamjibu.

"Mwalimu," akaita Wambui, kiongozi wa kwaya, "hiyo spika imekula?"

Ukumbi ukalipuka. Brigid, katika safu ya mbele, alikuwa ameinamisha uso na mabega yanamtikisika. Walter akageuka akaitazama picha kubwa ya utumbo ukutani nyuma yake, kisha akalitazama tumbo lake. Akaona kwamba kati ya mashahidi wale wawili, hakuna hata mmoja aliyekuwa upande wake. Akaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha mpaka machozi.

"Ndugu zangu, spika ni nzima. Mbovu ni mwalimu. Maziwa yana sukari yake, na utumbo mwembamba unahitaji kimeng'enya maalumu cha kuivunja. Wengi wetu tukishakuwa watu wazima kimeng'enya hicho hupungua. Sukari isipovunjwa haiwezi kuingia kwenye damu; inateremka hadi utumbo mpana, inavuta maji, bakteria wanaichachusha, inakuwa gesi. Nafundisha hili kila mwaka. Na leo nimekunywa chai ya Mahamud, nikarudia. Na sasa, mtaniwia radhi..."

Hakumaliza. Alitoka mbio. Alichosahau ni kipaza sauti, na kutoka korido kanisa zima likamsikia akihema na kuomba: "Ee Bwana, choo kisiwe na mtu!"

"Amina!" wakajibu kwa pamoja.

Brigid alikimbilia mitambo, akazima kabla ya mambo kuendelea.

Baadaye Walter alijificha jikoni mwa ukumbi, akijifanya anaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Aliyemfuata huko alikuwa Zilpah, mama mtu mzima aliyefanya kazi ya kutunza wazee. Alifunga mlango, akasimama akikunja kona ya leso.

"Mwalimu, wewe umeaibika mbele ya watu wote na hujafa. Basi acha mimi niaibike mbele ya mmoja." Akashusha sauti. "Nikienda haja kubwa naona damu. Ni muda sasa. Sijamwambia mtu, hata binti yangu."

Walter alijua majina ya kila sehemu ambayo damu ile ingeweza kutoka, na kwa mara ya kwanza hakutaka kutaja hata moja.

"Asante kwa kuniambia, Mama," alisema. "Nimwite Brigid?"

Zilpah akatikisa kichwa kukubali.

Brigid alimsindikiza kwa daktari, na akamsindikiza tena hospitalini alipopimwa kwa kamera. Walikuta uvimbe kwenye utumbo mpana, bado mdogo. Ukakatwa mapema, na madaktari wakasema haukuwa umesambaa. Siku Brigid alipoleta habari hizo, Walter aliketi kwenye ngazi za nyumba na koti lake mwilini.

Zilpah alipopata nguvu aliwaalika kwake kwa chakula. Mbele ya Walter akaweka kikombe cha chai aliyoitengeneza kwa maziwa ya soya, kwa ajili yake tu.

"Vipi, mwalimu?"

Ilikuwa na ladha ya boksi lililonyeshewa.

"Tamu sana, Mama," Walter alisema, na kwa kuwa Zilpah alikuwa bado amesimama akimtazama, akainywa yote.