Mashine ya Kunyolea Ndani ya Mkebe wa Vifungo

Mume wangu Cyril hukusanya mashine za kunyolea za zamani, zile za vipande vitatu: kifuniko, kitako na mpini, wembe ukilala katikati. Nilipoolewa naye nilidhani ni wazimu wa kupita. Sasa nimezoea kufungua kabati la vikombe nikakuta kichwa cha mashine kimelala kwenye kisahani.

Hii ninayoisimulia niliileta mimi mwenyewe, bila kujua. Kanisa letu pale Tipton, Uingereza, liliuza vitu vilivyotolewa na waumini, nami nikachukua mkebe wa vifungo. Nilipoumwaga mezani nyumbani, Cyril akaacha chai yake.

"Hebu usiguse."

"Ni vifungo, Cyril."

"Hivi vitatu si vifungo."

Vilikuwa vimeganda uchafu mweusi. Akavipanguza kwa leso, akavipachika, vikaingiana vizuri kabisa.

"Ya wakati wa vita," akasema, sauti imemshuka. "Shaba yote ilikwenda kwenye risasi, askari wakapewa za plastiki."

"Plastiki ninayo hata kwenye ndoo ya kudekia."

Akanitazama kama nimemtukania mama yake. Akausugua mpini kwa kidole gumba, haraka haraka, mpaka ukapata joto. Akaunusa, akanisogezea puani.

"Inanuka nini?"

"Wodi ya hospitali."

"Umeona! Bakelaiti hiyo, plastiki ya mwanzo mwanzo. Ingekuwa seluloidi, plastiki nyingine ya kale, ungesikia kafuri. Ingekuwa ile ya maziwa, ungesikia maziwa yaliyoungua."

"Kuna plastiki ya maziwa?"

"Ipo."

Nikavuta kiti, nikakaa.

Nilitaka kusaidia, nikainjika birika. Cyril akaruka. "Si maji ya moto! Unataka kuiua?" Akanionyesha moja aliyowahi kuichemsha, imepauka kama kaa lililozimika. Ndani ya bakelaiti, alisema, kuna unga wa mbao. Ukiiloweka sana inavimba, ukiichemsha ngozi yake inakufa. Kwa hiyo tukatumia maji vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na mswaki laini, kipande kimoja kimoja, na kila kimoja kikafutwa papo hapo. Kisha Cyril akachukua pamba yenye dawa ya kung'arishia shaba, akaanza kuzungusha taratibu. Pamba ikageuka manjano.

"Bakelaiti tu ndiyo hutoa manjano haya," akasema, akaisogeza kwenye mwanga.

Chini ya uchafu hakukuwa na rangi nyeusi. Kulikuwa na kahawia, na ndani yake michirizi ya kijani, na mshipa mmoja mwekundu uliokatiza kifuniko. Mpini ulikuwa na madoadoa meupe kama ubuyu uliomwagikiwa unga. Vipande vyote vitatu havikufanana.

Cyril akashusha vitabu vyake vyote. Alifungua kimoja, akakifunga, akafungua kingine. "Kitu hiki hakipo," akasema mwishowe. "Za jeshi ni rangi moja tupu. Na hii haina hata alama ya kiwanda. Labda ni ya kughushi."

"Nani aghushi kitu halafu akakifiche kwenye vifungo?"

Alikuwa ameweka jicho kwenye lenzi, akichungulia chini ya kifuniko. "Hakuna ukoko wa sabuni. Hakuna chokaa ya maji. Meno ya skrubu bado makali." Akaniangalia. "Haijawahi kunyoa mtu, hii."

Nikaenda kumuuliza mama aliyesimamia meza ile kanisani. Akasema mkebe ulitoka kwa Bi Edith Tranter, mjane aliyehamia nyumba ndogo kando ya mfereji na hakuwa na pa kuweka vitu vyake.

Jumamosi tukabisha hodi. Akafungua bibi mfupi, kifuani hanifikii, sweta imefungwa vifungo upande upande.

"Kama mnauza dini, ninayo."

Cyril akafunua leso. Bi Tranter akaishika mashine, akaigeuza, akacheka mpaka akashika mlango.

"Mmeitoa wapi, jamani? Ingieni, ingieni."

Alitukatia keki ya tangawizi, akasimulia akiwa amesimama. Wakati wa vita alikuwa kwenye kiwanda cha kukandamiza bakelaiti, akitoa mashine za kunyolea za jeshi, nyeusi kutwa kucha. Mitambo ya jirani ilitoa vitufe vya redio na swichi za taa, vya kila rangi, na unga uliomwagika ulifagiliwa ukatupwa. Wasichana waliukusanya mifukoni. Msimamizi akienda kunywa chai, walimimina unga ule kwenye kalibu, ule mtambo wa umbo, na kila mmoja akamtengenezea mtu wake mashine ya kunyolea.

"Wangu alikuwa Horace, baharia. Niliiweka chini ya mto wake, ili akija likizo aikute. Siku ya kuja nafungua mlango, naona mbuzi!"

"Mbuzi?" nikauliza.

"Ndevu, mwanangu! Hadi hapa! Kumbe jeshi la majini lilikuwa linawaruhusu kufuga. Anajitazama kwenye kioo kama mfalme. Ningemwambia nini? Nikaenda nikaichomoa chini ya mto, nikaitia kwenye vifungo, maana mwanamume gani hugusa vifungo? Amezikwa na ndevu zake."

"Ulizipenda?"

"Ndevu? Hata siku moja. Yeye nilimpenda." Akaisogeza mashine mbele ya Cyril. "Sasa niambie, inanyoa?"

Cyril akababaika. "Bi Tranter, haijatumika hata mara moja. Ndiyo thamani yake hiyo."

"Nimeuliza inanyoa?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui, na nimezeeka nikiwaza. Rudi kesho. Usinyoe."

Kesho yake Cyril alisimama mbele ya kioo jikoni mwa Bi Tranter, shati amevua, povu usoni, wembe mpya umebanwa. Bibi alipanda juu ya kigoda ili aone vizuri. Kwenye shavu la kulia mashine ikapita kwa mkwaruzo, ikaacha nywele na tone la damu.

"Lete hapa," akasema Bi Tranter, akishuka kigodani. Akaifungua mashine, akapitisha kidole ukingoni mwa kitako. "Kuna nundu. Niliitoa kwenye kalibu kabla haijaiva."

Akavuta droo, akatoa tupa ya kucha.

"Hapana!" Cyril alitoa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitoa, hata alipobanwa kidole na mlango wa gari. "Bi Tranter, tafadhali, hiyo ni ya pekee duniani!"

"Najua. Niliitengeneza."

Akaikwangua, mara akipuliza vumbi, mara akijaribu kwa ukucha. Harufu ile ya hospitali ikajaa jikoni. Kisha akaiunganisha, akamrudishia na kupanda tena kigodani.

Shavu la kushoto liliteleza bila sauti. Cyril akapita tena chini ya taya, polepole, akasahau kabisa kulalamika. Alipojifuta, Bi Tranter aliinama kutoka kwenye kigoda, akampitishia nyuma ya vidole shavuni, juu mpaka kidevuni, akabaki hapo kitambo.

"Inanyoa," akasema.

Akaisuuza mwenyewe, maji vuguvugu, akaikausha kwa ncha ya aproni na kuisimamisha kwenye glasi dirishani, pamoja na mswaki wake. Cyril hakuiomba. Alivaa shati, akauliza kama kuna keki iliyobaki.