Kipofu Aliyeandikiwa Macho

Maelezo ya mashahidi watatu yalifanana neno kwa neno: "Nilimwona kwa macho yangu akimsukuma mama mkwe wake ngazini." Wawili walikuwa mawifi wa mteja wangu, mshonaji niliyekuwa nikimtetea; hawajawahi kumpenda. Wa tatu alikuwa mzee wa chumba cha chini. Mpelelezi, kwa uvivu wake, alinakili tu, akamwekesha mzee dole gumba. Mzee huyo ni kipofu tangu utotoni.

Nilipomfuata alicheka mpaka kikohozi kikamwinamisha. "Mimi nione? Mjukuu wangu, nilimsikia yule binti akilia, 'Mama, shika mkono wangu!' Halafu kishindo. Niliwaambia polisi hivyo hivyo."

Basi nikaingia mahakamani kifua mbele, yule babu nikamkalisha benchi la nyuma. Siku hiyo jaji alikuwa anaamua jambo moja: mshonaji asomewe shtaka la mauaji na kurudi rumande kusubiri kesi, au aende nyumbani kwa mwanawe anayenyonya. Nikayasoma maelezo yote matatu kwa sauti, nikaeleza babu ni nani. Watu wakaguna.

Mwendesha mashtaka hakuona hata haya. Alilamba kidole, akachomoa karatasi ya babu kwenye jalada. "Huyu tunamwacha, Mheshimiwa. Wawili wanatosha."

"Basi namwita mimi! Yuko hapa!"

"Wakili, tulia," jaji akasema. "Hatua hii sipimi nani mkweli. Naangalia kama maelezo ya mashtaka, yakiaminiwa, yanatosha kumfungulia kesi. Utetezi una siku yake."

Nikaketi. Wametupa kipande kilichonuka, kilichobaki wamekiita ushahidi, na sheria niliyoisomea kwa mapenzi ndiyo iliyowafungulia mlango. Shtaka likasomwa. Mshonaji akasema si kweli, akashuka kizimbani maziwa yamelowanisha kifua cha gauni lake. Mawifi walikuwa wanarekebisha mitandio yao.

Nikaenda kumshika babu mkono. Alikuwa amekaa wima, kofia mapajani, anasafisha koo.

"Wameniita?"

"Bado, babu. Zamu yetu ikifika. Labda mwakani."

"Mwakani?" Akakohoa kwenye leso, akaikunja haraka, lakini nilishaiona damu. "Mjukuu wangu, rudi umwambie huyo jaji. Mwakani mimi sipo."