Shingo ya Hamdani

Mimi ni muuguzi, nazalisha wanawake kwenye kituo cha afya huko Giheke. Kila kichanga nikikipokea, napiga makofi ghafla karibu na kichwa chake. Kikirusha mikono na kufumba macho, namwambia mama yake mtoto anasikia. Mwili haungoji ruhusa. Sauti ikishaingia sikioni, shingo imekaza na macho yamefumba kabla akili haijajua kuna nini. Hata jenerali hawezi kuiamuru shingo yake itulie.

Mume wangu, Hamdani, alikosea kumwoa mtu anayejua hayo.

Yeye ni fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Mwaka juzi mtungi wa gesi ulilipuka karakanani kwake, akawa kiziwi. Nilipomwandikia kwenye karatasi twende Kigali apimwe, alisema ni kazi ya Mungu. Nikaamini. Nikawa masikio yake sokoni, kwenye simu, kwa wateja. Na nikiwa napika, nikaanza kuongea na mgongo wake. Mtu akielemewa huongea hata na ukuta. Nilimweleza mimba iliyonitoka Bukavu kabla sijamjua, ambayo hata mama yangu hakuijua. Nilimweleza siku niliyofunga sanduku ili nimwache, nikalifungua tena. Yeye alikuwa akila maharage yake.

Mwezi wa sita mdogo wake aliolewa hapa Kamembe. Hamdani alikaa ameupa mgongo mlango uliopambwa kwa maputo. Puto moja likapasuka. Mabega yake yakapanda, macho yakafumba, soda ikamwagikia kanzu. Wageni wakacheka, maana nao walishtuka. Mimi sikucheka. Puto halitikisi sakafu, na yeye hakuwa ameliona.

Akajishughulisha kupangusa kanzu, kisha akatoka nje. Nilimfuata, nikasimama nyuma yake, nikamwita kwa jina la binti yetu, kwa ile sauti yangu ndogo ya jikoni.

"Papa Umwali, geuka."

Alisita kidogo, halafu akageuka.

Masikio yalifunguka baada ya wiki tatu tu, alikiri. Wiki tatu! Miaka miwili nimekuwa nikijivua mbele ya mtu mwenye macho. Aibu ilinizidi kuliko hasira, nikamuuliza kwa nini.

"Mbele ya ile ajali haukukuwa unanisemeshaka vile," alisema. "Nilikuwa naanza kukujua. Niliogopa nikisema nasikia, utanyamaza."

Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli. Miaka tisa ya ndoa sikuwahi kumfungulia moyo. Lakini moyo ni wangu, na ni mimi wa kuchagua siku ya kuufungua. Angekuwa na mwanamke mwingine, pengine ningemsamehe. Huyu alikaa mezani pangu akanisikiliza nikilia, akaomba kwa kidole aongezewe chumvi.

"Basi, kutoka leo utakuwa kiziwi wa kweli," nilimwambia.

Hilo ndilo neno la mwisho alilolisikia kwangu.