Ulimi wa Zuena

Karwirwa ndiye aliyemwita Zuena darasani. Baadaye alijikumbusha jambo hilo mara nyingi, kama mtu anayebonyeza jino linalomuuma.

Ulikuwa mwaka wa ile mvua ya El Niño, barabara za juu zikikatika na chai ikioza shambani kwa kukosa gari la kuichukua. Padri alitangaza kanisani kwamba masista wenye nyumba ya kutunzia wazee huko Italia wanatafuta mwanamke mmoja kutoka Embu. Awe mtu mzima, awe amezoea wagonjwa, na ajue Kiitaliano cha kuongea na watu. Darasa lingekuwa jioni katika ukumbi wa parokia, chini ya Mwalimu Kathuri, aliyewahi kusomea useremala Torino, Italia, na kurudi na lugha na kikohozi.

Karwirwa alikuwa mhudumu wa wodi katika zahanati moja ya mjini. Alizaliwa Nkubu, upande wa Meru, akaolewa Embu. Mumewe Muriithi alikaa kijijini Kibugu na mama yake na chai yake. Yeye alipanga chumba Dallas, mtaa mmoja wa mjini, pamoja na binti yao Mukami. Hakuna mtu aliyewahi kumchagua kwa lolote. Hata kuolewa, Muriithi alikuwa amemtaka dada yake kwanza. Aliposikia tangazo lile alihisi kwamba linamhusu yeye. Ila aliogopa kukaa peke yake kwenye dawati akiwa na umri wa mama, ndipo akamwambia Zuena.

Zuena alikuwa mfagiaji pale pale zahanati, binti wa Mzee Idrisi mwenye bucha Majengo. Alikuwa ameachwa na mume na hakuwa na mtoto, lakini alicheka kwa urahisi kuliko wenye vyote viwili.

"Kiitaliano, Mama Mukami? Mimi hata Kizungu kilinishinda darasa la sita."

"Twende tu. Unisindikize."

Jioni ya kwanza Mwalimu Kathuri aliandika ubaoni: *il libro, la signora, lo zio*, yaani kitabu, bibi, mjomba. Akawataka wasome. Karwirwa alisimama, akasoma kwa sauti: "Ir ribro. Ra signora."

Darasa zima likacheka. Kimeru hakina *l*, na ulimi wa Karwirwa haukuwahi kuitafuta. Sasa aligundua kwamba Waitaliano wameipachika *l* mbele ya kila kitu duniani: mkate, mlango, mwezi, mama. Zuena, aliyenyonya Kiswahili kwenye ziwa la mama yake, aliposimama, maneno yalimtoka laini kama samli. Mwalimu Kathuri alishusha chaki.

"Brava! Umewahi kukisoma?"

"Hapana, mwalimu. Si kama Kiswahili tu? Kila herufi inasemwa."

Karwirwa alitabasamu, akapiga makofi pamoja na wengine. Kitu kidogo chenye kucha kilimkwaruza kifuani.

Kuanzia siku hiyo alisoma kwa bidii iliyomtisha hata Mukami. Aliosha wagonjwa akisema *la, la, la* kama anayebembeleza mtoto. Alijifunza kwamba majina yana dume na jike, kwamba meza ni mwanamke ukiipakulia chakula na la sivyo ni mwanaume. Alijifunza kwamba Mwitaliano hasemi yeye ni mwenye njaa. Anasema *ho fame*, nina njaa, kama sisi. Siku ya somo hilo darasa lilifurahi sana, likahisi kwamba watu hawa si wageni kabisa. Karwirwa alifurahi pia, mpaka alipogeuka na kumwona Zuena akimtania mwalimu, "*Ho fame, ho sete, ho sonno*, mwalimu, tuachilie twende nyumbani!" na Kathuri akicheka hadi kikohozi kikamshika.

Yeye alikuwa ameyakariri maneno hayo ya njaa, kiu na usingizi siku mbili. Zuena aliyaokota njiani.

Halafu Mzee Idrisi akaugua kifua, na Zuena akakosa darasa wiki nzima. Ndiyo wiki Mwalimu Kathuri alipofundisha *Lei*.

"Sikilizeni vizuri," alisema. "Rafiki unamwambia *tu*. Lakini mkubwa, mgeni, mgonjwa mzee, huwezi kumwambia *tu*. Unamwambia *Lei*, na kitenzi kinabadilika. Ukimuuliza hali, si *come stai*, ni *come sta*. Chukueni kama shikamoo iliyoingia ndani ya kitenzi. Ukikosea hapa kwa mtu mzima, umemtukana na hujui."

Karwirwa alilifanyia kazi neno hilo wiki nzima mbele ya kioo. Rei. Rei. Hatimaye, *Lei*.

Siku ya soko Zuena alimkuta nje ya zahanati. Macho yalikuwa mekundu kwa kukesha na baba yake.

"Mama Mukami, mkubwa wa hiyo nyumba ya wazee anakuja kesho kutwa kutusikiliza. Nimekosa nini?"

Karwirwa alimtazama. Aliona uso ule uliochoka na bado ukapendeza. Akamwona akiwa Italia, akicheka na wazee, na yeye akibaki Embu kubadilisha mashuka.

"Hakuna kipya," alisema. "Tulirudia tu yale ya *tu*. *Come stai, hai fame*. Unayajua yote."

"Alhamdulillahi," Zuena akasema, akamshika mkono. "Sijui ningefanya nini bila wewe."

Mkubwa wa nyumba ile aliitwa Signora Bruna, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi. Alikaa mbele ya ukumbi, darasa lote likiwa limekaa nyuma, na Kathuri akatafsiri alilolitaka: yeye ni bibi kizee kitandani, ni asubuhi, kila mmoja aje amhudumie kwa maneno.

Zuena aliitwa mapema. Akasogea kwa uso mkunjufu. "*Ciao, Bruna! Come stai? Hai fame?*"

Signora Bruna alinyoosha mgongo. "*Non siamo sorelle*," alisema. Sisi si dada.

Zuena alilijua neno *sorelle*. Alidhani ni sehemu ya mchezo, akacheka na kuendelea na *tu, tu, tu*, huku ukumbi ukizidi kunyamaza. Alipogundua kwamba hakuna anayecheka naye, maneno yalimkaukia. Akasema "*grazie*", asante, kwa sauti ndogo, akarudi kukaa.

Karwirwa alipoitwa, alisogea mbele. "*Buongiorno, signora. Come sta Lei? Ha dormito bene?*" Alimwamkia, akamuuliza hali na kama amelala vizuri, na *l* ilitoka safi kabisa. Signora Bruna akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Nje, Mwalimu Kathuri alimkabili Zuena. "Umefanya nini, wewe? *Lei* nimeifundisha wiki nzima! Hukumuuliza mwenzako?"

Zuena alimgeukia Karwirwa. Alimtazama kwa muda, na Karwirwa akaona jambo lote likimfikia, pole pole, kama maji yanayopanda kwenye nguo.

"Ni kosa langu, mwalimu," Zuena akasema. "Sikuuliza vizuri." Akajifunga leso yake, akaenda.

Jioni hiyo jina la Karwirwa lilitajwa: ndiye aliyechaguliwa kwenda Italia. Muriithi alishuka kutoka Kibugu na jogoo, mama mkwe akamwombea kwa machozi, Mukami akawaringia majirani. Karwirwa alikula, nyama ikawa kama pamba mdomoni. Jambo la ajabu ni kwamba wivu haukuondoka. Sasa alimwonea Zuena wivu kwa kule kunyamaza. Yeye angepiga kelele hadi watu wa Kianjokoma, kule mlimani, wasikie.

Asubuhi akaenda bucha. Zuena alikuwa anasimamia duka kwa niaba ya baba yake, aproni ikiwa na damu.

"Nilikudanganya," Karwirwa akasema.

"Najua." Zuena hakuacha kukata mifupa. "Nilikuuliza nikitoka kwa kitanda cha baba. Ukanijibu ukinitazama machoni. Kwa nini? Una bwana, una mtoto, una shamba la chai."

"Ni ulimi wako, Zuena. Mimi nahangaika, wewe unapewa tu."

Zuena aliweka panga chini. Akaonyesha ulimi wa ng'ombe ulioning'inia kwenye ndoano. "Ulimi? Huu hapa, chukua. Tunauza." Akashika panga tena. "Sasa toka, Mama Mukami. Kuna wateja."

Karwirwa alitoka. Alisimama barabarani kwenye matope, akijua kwamba akienda nyumbani atapakia sanduku. Hakwenda nyumbani. Alienda parokia, akamkuta Signora Bruna akinywa kahawa na Kathuri, akaeleza. Kiitaliano chake hakikutosha kusema uovu wa namna ile, kwa hiyo alisema kwa Kiswahili, na Kathuri akatafsiri akiangalia sakafu.

Signora Bruna alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaagiza Zuena aitwe. Akamfundisha *Lei* pale pale kwa muda mfupi, akamsikiliza upya. Ilitosha. Mlangoni alimwambia Karwirwa kwa upole kwamba wazee wake hulala mikononi mwa watu wanaowaamini, na kwamba hawezi kumchukua. Karwirwa alielewa kila neno bila tafsiri.

Zuena aliondoka bila kuaga. Muriithi hakumsemesha mkewe hadi chai mpya ilipochipuka. Na usidhani kwamba kusema kweli kulimponya Karwirwa. Kila alipopita bucha, Mzee Idrisi, aliyepona na asiyejua lolote, alimpasha habari kwa furaha: Zuena ameona theluji, Zuena ameongezwa majukumu, bibi fulani hali mpaka alishwe na Zuena. Karwirwa alisema "Mungu ni mwema, mzee" na kuharakisha, kifua kikiwaka.

Miaka miwili baadaye Zuena alikuja likizo. Jioni moja alibisha mlango kule Dallas, amenenepa kidogo, amevaa koti zuri la kijivu. Karwirwa alimkaribisha, akachemsha chai, akakaanga maandazi. Zuena alieleza habari za wazee, za baridi, za upweke wa Jumapili ambapo hata kilio cha mtoto wa jirani hakisikiki. Alieleza pia mji wenye madaraja ya mawe, na jinsi alivyozungumza na daktari kuhusu mgonjwa, na daktari akaandika alilosema.

Karwirwa aliweka kikombe chini.

"Zuena, nikuambie ukweli? Bado naona wivu. Hata sasa, ukiongea."

Zuena akasogeza kikombe chake mezani.

"Heri safari hii umeniambia kweli," akasema. "Niongezee chai."

Karwirwa akainuka, akachukua birika.