Jina la Nane

Laban Aboth alijua kufungua kikao, kukifunga, na kumnyamazisha mzee anayerudia neno moja mara tano bila kumvunjia heshima. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Muungano wa Kamati za Shule ulikuwa na ofisi ya chumba kimoja Tororo, bati lake limeingia weupe wa vumbi la saruji, na kutoka hapo Laban alipanda baiskeli kuzizungukia kamati arobaini na mbili za vijijini, azifundishe kujisemea zenyewe mbele ya wakubwa wa wilaya. Kamati zote hizo, na hata moja haikuwa yake.

Maana hakuwa na mtoto shuleni. Mkewe Syprose alifariki kabla hawajajaliwa, na kwao Busia, upande wa Kenya, ndugu zake walikwishazoea kumwita mtu wa Uganda. Uganda nako aliitwa Mkenya. Jioni alichemsha chai ya mtu mmoja, akainywa huku akisoma kumbukumbu za vikao vya watu wengine. Tusifichane, upweke ulimuuma.

Mwaka ule wa 1966 shule ya Nabulola, pande za Lunyo, ilikuwa hatarini. Mwenyekiti wa kamati alikuwa amefariki, wenzake wakakaa miezi mitatu bila kukutana, na wilaya ikatoa neno: kumbukumbu za kikao halali, zenye sahihi ya mwenyekiti mpya, zifike Tororo kabla ya Ijumaa jioni. La sivyo shule ifungwe, na watoto watembee hadi Majanji kila siku.

Alhamisi asubuhi Laban alikuwa njiani. Alikuta wajumbe saba wanamngoja darasani, idadi iliyotosha kabisa. Walipofikia uchaguzi wote wakamgeukia. Mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba asiye mjumbe hutoka nje wakati wa kura, basi akachukua kofia yake akatoka, akasimama kando ya pipa la maji ya mvua. Alisikia ubishi, kicheko, kisha makofi. Kimya kidogo, halafu makofi tena, haya ya pili marefu zaidi. Akadhani wanafunga kikao.

Walipomwita ndani, Nereah Anyango, mkulima wa muhogo asiyeogopa mtu, alikuwa amekalia kiti cha mwenyekiti. Osire, fundi cherehani aliyekuwa katibu wao, akamkabidhi Laban kumbukumbu azikague. Laban akashuka na majina ya waliohudhuria, kalamu mkononi. Yalikuwa manane. La mwisho liliandikwa kwa mwandiko wa madaha kuliko mengine yote: Laban Aboth, mjumbe.

Akarudia kulisoma. Kwa miaka mingi hakuna aliyewahi kumwandika pamoja na watu. Akajifanya anatafuta miwani aliyokuwa ameivaa.

Aliuliza polepole jina lile limefikaje pale.

“Mzee Laban, sisi tulisikia aibu,” Osire akasema. “Myaka saba wewe nakuja hapa na mvua, nakula na sisi. Tutaandika wewe mgeni namna gani?”

“Mimi ndiye nilisema aandike,” Nereah akadakia. “Na tulipiga kura. Wote walikubali.”

Kumbe yale makofi ya pili yalikuwa yake.

Laban alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti juu. Alikitaka cheo kile kidogo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu amzike Syprose. Lakini mwaka uliopita kamati nyingine ilimhesabu mtu wa nje, karatasi zikarudishwa, na kufikia zilipotengenezwa muda ulikuwa umekwisha. Karani wa wilaya alimjua Laban vizuri mno. Angesema Muungano umejiandikia kikao wenyewe. Akawaeleza hayo yote kwa sauti ya kazini.

Osire alitazama vidole vyake.

Laban akaomba rula. Akalikata jina lake mwenyewe kwa mstari mmoja mwembamba, na chini akaandika: Mgeni, Laban Aboth. Kisha akamsogezea Nereah kalamu, kwa kuwa kanuni inataka mwenyekiti atie sahihi pembeni ya kila kilichokatwa. Nereah aliishika kalamu kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake ya kwanza katika uenyekiti.

Ijumaa adhuhuri karani alizisoma karatasi mstari kwa mstari, akagonga muhuri. Nabulola ilikuwa imepona. Karani alipotaka kuzitia kwenye faili, Laban akamwomba amwachie azitazame mara moja zaidi, kuhakikisha kitu.

Kanuni inasema kosa likatwe kwa mstari mmoja tu, ili kilichokatwa kiendelee kusomeka. Alikuwa amezifundisha kanuni hiyo kamati zote arobaini na mbili. Akaisogeza karatasi dirishani kwenye mwanga, akasoma: Laban Aboth, mjumbe. Lilisomeka vizuri. Akamrudishia karani karatasi yake, akaenda kuchemsha chai.